Mwenye Wimbo Ni Nani? Wanyika, Kutoka Tanga Kupitia Arusha

Sekei ni kata ya jiji la Arusha iliyolala mteremkoni, Mlima Meru ukiwa juu yake na barabara kuu ya kwendea Moshi ikiwa chini yake. Arusha imejijengea jina kwa hip hop tangu miaka ya 1990, na vijana wa mteremko huo wana haki ya kujivunia ushairi wao wa mdomo. Lakini jioni, zamu ya zilipendwa inapofika katika baa na vibanda vya nyama choma, gitaa moja la ridhimu likianza tu kunong'ona, wazee kwa vijana hujua kinachofuata. Ni mmoja wa wale Wanyika. Ukiuliza ni Wanyika gani, mabishano huanza: huyu atasema Simba, yule atasema Les, wa tatu atasema Super. Na ukiuliza wimbo huo umetungwa na nani, mabishano hayaishi.

Swali hilo si la kupitisha jioni tu. Kwa wapenzi wa ushairi, khasa wa mwambao, ambako shairi lisilo na mwenyewe huonekana kama mtoto wa kuokotwa, ni swali zito. Kundi la Simba Wanyika na matawi yake limeacha mojawapo ya hazina kubwa za nyimbo za Kiswahili za karne ya 20. Hazina hiyo inaimbwa kila siku, na kila siku majina ya waliyoijenga yanafutika kidogo kidogo.

Asili yao ni Tanga. Ndugu Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga walianza kujulikana katika bendi ya Jamhuri Jazz ya mji huo, waliyojiunga nayo mwaka 1966. Tanga ya wakati ule haikuwa mji mdogo katika muziki. Palikuwa na Jamhuri na Atomic kwa upande wa dansi, na kwa upande wa taarabu palikuwa na Black Star na Lucky Star, vikundi vilivyomkuza Shakila na kuingiza gitaa la umeme mahali pa ala za zamani. Mpaka baina ya taarabu na dansi ulikuwa mwembamba. Aliyesimama mtaani usiku aliweza kuyasikia yote mawili kwa sikio moja. Mwaka 1970 ndugu hao walihamia Arusha, na huko, pamoja na ndugu yao William, wakaunda Arusha Jazz. Mwaka uliofuata walishuka Mombasa, na jina likageuka kuwa Simba Wanyika. Baadaye wakapanda Nairobi, wakakaa.

Msomaji wa pwani hawezi kulipita jina hilo bila kusimama. Kwa watu wa mwambao, nyika ni kule bara, nchi kavu iliyo nyuma ya minazi. Na neno Wanyika lilikuwa la mwenye mji kumtaja jirani yake wa Kimijikenda, aghalabu kwa kumshusha. Watoto wa Tanga, waliotoka baharini, waliliokota neno hilo wakalivaa, tena wakaliwekea simba mbele. Mtu anaweza kulisoma kuwa ni simba wa nyika tu, na usomaji huo ni sahihi. Lakini anaweza pia kulisoma kama jibu la watu waliopita Arusha, wakauona uwanda wa chini ya Meru, kisha wakarudi pwani ya pili wakiwa si wageni wa bara tena. Na kama hilo halitoshi, jina la ukoo wao ni Kinyonga. Kundi lililobadili jina, na rangi ya sauti mara nyingi, halikuhitaji kutafutiwa tamathali.

Kwa nini Arusha? Hapo ndipo historia inapomsaidia mhakiki. Tanzania ya miaka ile ilikuwa na redio iliyorekodi bendi zake kwa bidii, lakini kurekodi huko kulikuwa kwa ajili ya matangazo. Santuri zilichapwa Nairobi, na mwanamuziki aliyetaka wimbo wake uzunguke ukiwa kitu cha kushikwa mkononi ilimbidi aelekee kaskazini. Arusha ilikuwa kizingiti cha njia hiyo. Tangu mwaka 1967 ilikuwa pia makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na Jumuiya hiyo ndiyo iliyoufanya mpaka uwe mstari wa ramani zaidi kuliko ukuta. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977 na mpaka kufungwa hadi mwaka 1983, Wanyika walikuwa wameshavuka. Nyimbo zao ziliendelea kuwa za nchi mbili ilhali nchi zenyewe zilikuwa hazisemezani vizuri. Kiswahili walichoimbia kilikuwa cha Tanga, sokoni walikuwa Nairobi, na msikilizaji wao alikuwa popote penye redio.

Turathi ya ushairi wa mwambao ina namna yake ya kumjua mtunzi. Mshairi hutia jina lake katika beti za mwisho, na kaditama huwa kama muhuri wa barua. Pasipo muhuri, watu huhifadhi. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mwaka 1840, hakuchapishiwa diwani alipokuwa hai. Beti zake zilikaa vifuani mwa watu mpaka Mwalimu Sikujua na Taylor walipozikusanya, na diwani ikatoka mwaka 1940, miaka mia kamili baada ya kufa kwake. Watu walijua ni za Muyaka kwa sababu walimjua Muyaka.

Lakini turathi hiyo hiyo ina upande wa pili, na Unguja ndiyo shahidi. Nyimbo za Siti binti Saad, aliyerekodi Bombay mwaka 1928, huitwa za Siti, na ni haki ziitwe hivyo. Hata hivyo Siti hakuwa peke yake. Walikuwapo Mbaruku, Buda bin Swedi, Subeti bin Ambari na Maalim Shaabani. Walikaa pamoja, wakazungumza habari za mji, za mahakama na za masikini waliodhulumiwa, na kutokana na mazungumzo hayo wimbo ukazaliwa. Kumtafuta mmoja aliyeshika kalamu ni kuuliza swali la dawati katika jambo la barazani. Wanyika ni warithi wa baraza hilo zaidi kuliko warithi wa diwani.

Hata hivyo, kusema kuwa wimbo ni wa kundi kusiwe kisingizio cha kutoyachungua maneno. Nyimbo za dansi hupuuzwa na wataalamu wa arudhi kwa hoja kwamba hazina vina wala mizani. La hasha. Na ahesabu msomaji majina matatu tu ya nyimbo. “Dunia Haina Wema” wa Simba Wanyika: mizani nane. “Dunia Kigeugeu” wa Les Wanyika: mizani nane. “Kajituliza Kasuku”, nao wa Les Wanyika: mizani nane tena. Kila jina ni kipande kamili cha mshororo wa shairi la tarbia, kimesimama peke yake kikingoja mwenzake. Hakuna ushahidi kwamba watunzi walihesabu kwa vidole. Lililo karibu zaidi na ukweli ni kwamba sikio lililokulia Tanga halihitaji vidole. Kasuku naye ni ndege wa taarabu kabla ya kuwa ndege wa dansi. Anayemsikia ametulia mahali, hujua kuwa si ndege anayesemwa.

Zaidi ya mizani kuna michezo ya sauti. Simba Wanyika wana wimbo uitwao “Shilingi Yaua Tena Maua”. Maneno manne tu, na ndani yake yaua na maua yamewekwa uso kwa uso, herufi moja ikiwatenga kifo na uzuri. Kwa istilahi ya washairi hilo ni jinasi, na si jinasi ya mapambo. Fedha inaua, fedha inapendeza, na sauti ya neno lenyewe inaonyesha jinsi mambo hayo mawili yalivyo karibu. Mtunzi aliyehama mji hadi mji akifuata mahali nyimbo zinapouzwa alikuwa na sababu ya kulijua hilo kuliko mwanafalsafa.

Mwaka 1978 nyumba iligawanyika. Omar Shabani, mpiga gitaa la ridhimu ambaye wapenzi walimwita Profesa, mpiga besi Tom Malanga, mpiga drams Rashid Juma na wengine waliwaacha ndugu Kinyonga. Wakajiunga na John Ngereza na Issa Juma, wakawa Les Wanyika. Walifanya mazoezi kwa miezi kadhaa kabla ya kujionyesha katika klabu ya Garden Square mjini Nairobi, na muda si mrefu wakatoa “Sina Makosa”, wimbo uliowapita wao wenyewe kwa umaarufu.

Kisa chake ni chepesi. Mwanamume anamjibu mwanamume mwenzake aliyemkasirikia. Anamkumbusha kwamba kila mmoja wao ana wake nyumbani, na hivyo chuki hiyo haina msingi. Wasikilizaji wengi huishia kwenye ulaini wa sauti, wakatoka wameamini kwamba msemaji hana makosa kweli. Mhakiki hana budi kusita. Msemaji hakanushi lolote. Hasemi kwamba jambo halikutendeka. Anasema tu kwamba mwenzake hana haki ya kukasirika. Na yule anayegombaniwa hana sauti hata moja katika wimbo mzima, anapita kama kivuli baina ya wanaume wawili. Hapa ndipo udhaifu wa nyimbo nyingi za Wanyika ulipo: mwanamke ni mlalamikiwa, au ni sababu ya ugomvi, au ni jina linaloitwa. Ushairi wa taarabu, pamoja na mipaka yake, ulimpa mwanamke ulimi wa kujibu. Dansi ya Wanyika mara nyingi ilimpa kiti cha kusikiliza.

Lakini huohuo udhaifu wa msemaji ndio uhai wa wimbo. Mtu anayesema hana makosa huku muziki ukirudia na kurudia, bila kuongeza kasi ya kumtoa katika hoja yake, huishia kusikika kama anayejishawishi mwenyewe. Kama ni kusudi au ni bahati, matokeo ni ya kishairi: wimbo unajua zaidi kuliko msemaji wake.

Issa Juma, ambaye baadaye alijitenga na kuunda Super Wanyika, aliichukua sanaa hiyo ya kutosema yote akaifikisha mbali katika “Sigalame”. Mtu kapotea, watu wanaulizana. Anasikika yuko Bungoma, anafanya biashara, lakini ni biashara gani, hakuna ajuaye. Wimbo haujibu. Fumbo la pwani kwa kawaida hufumbwa ili mlengwa alijue na wengine wasilijue. Hapa mwimbaji mwenyewe anajifanya kuwa miongoni mwa wasiojua. Uvumi umekuwa umbo la wimbo. Na kwa kuwa Sigalame hana kosa lililotajwa, kila msikilizaji humtwika lake.

Sasa swali la awali lirudi: mtunzi ni nani? Anayesoma maneno peke yake kwenye karatasi atashangaa, kwa maana mengi ni machache na ya kawaida. Ni pale gitaa linapoyashika ndipo yanapopata uzito. Katika nyimbo za Les Wanyika ala si nyingi. Ridhimu ya Omar Shabani haipigi kelele. Inazunguka, inaacha pengo, inarudi kabla pengo halijawa kimya. Besi ya Tom Malanga haitembei nyuma ya mwimbaji bali inazungumza naye, kila sentensi ikimalizika besi inaitikia kama mtu barazani anayesema naam. Kibwagizo cha shairi hurudiwa na wasikilizaji. Hapa kibwagizo kimekabidhiwa nyuzi. Kwa hivyo aliyeandika maneno ametunga nusu, na nusu ya pili ina wenyewe. Ushahidi mkubwa ni mgawanyiko wenyewe wa 1978. Simba Wanyika waliendelea na sauti za ndugu, wakatoa nyimbo zilizopendwa kama “Haleluya”, lakini ule mnong'ono wa ridhimu ulihama na Profesa, na sikio lolote husikia kuwa umehama.

Ugomvi wa namna hii si wa Afrika Mashariki pekee. Marekani, mwaka 1961, ndugu watatu wa California, Brian, Dennis na Carl Wilson, waliunda The Beach Boys pamoja na binamu yao Mike Love na rafiki yao Al Jardine. Brian alihesabiwa kuwa ndiye mtunzi, na kipaji chake hakina ubishi. Lakini mwaka 1994 mahakama ilikubali kwamba Love alistahili jina lake katika nyimbo 35 ambazo halikuandikwa. Na “Surfin' U.S.A.” ya mwaka 1963 ilikuwa imejengwa juu ya wimbo wa Chuck Berry, ambaye jina lake lilirudishwa baadaye. Kundi la ndugu, nyimbo za raha na jua, na nyuma yake makaratasi ya mahakama. Tofauti ni kwamba huko makaratasi yalikuwapo ya kubishaniwa, na walalamikaji waliishi wakasikilizwa.

Huku kwetu mfano unaojulikana ni “Malaika”, uliovuka dunia kwa sauti za Fadhili William na Miriam Makeba, huku Adam Salim wa Tanzania akidai mpaka mwisho kuwa ni wake. Nyimbo zilivuma kwanza, sheria za sasa zikaja nyuma. Tanzania Bara ilipata Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki mwaka 1999, Kenya ikapata yake mwaka 2001, na Zanzibar mwaka 2003. Zote zilikuja baada ya santuri kubwa za Wanyika kuchapwa, kuuzwa na kunakiliwa kwenye kanda sokoni.

Na sheria hizo zinaligeuza swali la barazani kuwa swali la chakula. Kwa Tanzania Bara na Kenya, haki ya mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa kwake. Na kazi ikiwa ya watunzi kadhaa kwa pamoja, miaka huhesabiwa tangu afe wa mwisho wao. George Kinyonga alifariki mwaka 1992, Wilson mwaka 1995, na Simba Wanyika ikazikwa pamoja naye. Omar Shabani alifuata mwaka 1998, John Ngereza mwaka 2000. Wimbo ulioandikwa jina la George peke yake haki yake itakoma baada ya mwaka 2042. Ukiwa wa ndugu wawili, ni 2045. Ukiwa na jina la mpiga gitaa, hesabu nyingine. Jina moja kwenye lebo ya santuri, lililopigwa chapa kwa haraka katika ofisi ya Nairobi, ndilo linaloamua ni watoto wa nani watakaoitwa pindi wimbo unapolipiwa, na ni watoto wa nani watakaousikia baani kama watu wengine.

Kwa hiyo mhakiki ana kazi mbili, na moja haitoshi bila ya nyingine. Ya kwanza ni kuzisoma nyimbo hizi kama ushairi: kuzihesabia mizani, kuzionyesha jinasi, kuzilaumu pale zinapomnyamazisha mwanamke, na kuzisifu pale zinapomwacha msemaji ajifichue mwenyewe. Ya pili ni kuandika majina, yote, si ya mwimbaji tu. Muyaka aliokolewa na watu waliomkumbuka kabla hawajafa. Waliowaona Wanyika wakiwa jukwaani bado wapo Tanga, Arusha, Mombasa na Nairobi, lakini si wengi kama jana.

Santuri yao ya mwaka 1992, iliyotoka Uholanzi kwa kampuni ambayo kwa sadfa iliitwa Kameleon, yaani kinyonga, ilibeba jina “Pepea”. Ndiyo amri waliyoitii maisha yao yote. Usiku, upepo wa Meru unapoteremka na spika ya baa ya Sekei kuanza ule mnong'ono, wimbo unapepea mpaka barabarani. Anayepita huuimba bila kukosea neno. Aulizwe tu, kabla hajafika mwisho wa njia: gitaa hilo ni la nani?